Rangi ikuje nyuma: neno juu ya moto za zamani kwa nyumba



Vakansi kubwa inakaribia, na kila mangaribi kwa internati tunasikia mipango. Mmoja anasema: «Mwezi wa saba nitapaka moto ya baba rangi nyekundu.» Mwingine anajibu: «Yetu tutaitia nyeusi, kisha tutabandika mistari kama ya mashindano.» Wa tatu ameshaandika kwa daftari namna herufi zitakavyokaa juu ya tanki. Wote wanasema rangi. Hatujasikia bado mtu mmoja aseme: mimi nitaanza na fre.

Tunasema moto ya kupanda, si moto wa jiko. (Hata hivyo moto wa jiko tutautaja kidogo, tutakapofika kwa tanki.)

Kwa nyumba nyingi za wenzetu kuna moto ya zamani imelala, chini ya mwembe, nyuma ya jiko, au ndani ya depo pamoja na mifuko ya mahindi. Ilibeba baba kwa kazi, ilibeba mama usiku wa kuzaa, ilibeba mihogo na mbuzi na mwalimu wa kijiji, kisha siku moja haikuwaka. Sasa kuku wanataga chini yake. Kila mwaka mununuzi wa vyuma vikuukuu anapita na mzani wake, anaitazama, anatoa bei ya kilo, na kila mwaka baba anafikiri kidogo zaidi kumwitika. Minervale haingoji.

Sisi tunaoandika hapa tunaijua hii kazi, sababu wengine kati yetu tumeifanya kwa nyumba, na baba zetu, na wajomba, na mafundi waliotuvumilia. Tuna maneno mawili. La kwanza: moto ya zamani isiuzwe kwa kilo mbele mtu hajaifungua na kuitazama. La pili: rangi ikuje nyuma, nyuma ya kila kitu. Kwa neno la kwanza wengi watatukubali. Kwa la pili tutagombana, na ndiyo sababu tunaandika.

Juu ya nini tunasema isiuzwe? Moto nyingi ambazo watu wanasema «ilishakufa» hazikufa. Tuchukue Yamaha AG 100, ambayo misheni, matabibu wa vijiji na mashirika waliitumia sana kwa upande wetu. Ilitengenezwa kwa kufikiri mashamba, na ndiyo maana ina mahali pa mizigo mbele na nyuma, shene iliyofunikwa yote kusudi mchanga usiingie, na miguu ya kuisimamisha pande mbili, kushoto na kuume. Mota yake ni ndogo, sentimita kyubiki 97, ya mapigo mawili. Mota ya mapigo mawili haina vali kichwani. Ina pistoni, segmenti zake, silinda, na kidogo zaidi. Ikikosa nguvu, mara nyingi eshapema imejaa masizi ya mafuta hata moshi haupati njia. Ukiifungua na kuisafisha, ile moto ambayo ilishindwa na mlima inaupanda tena. Au ni jikleri ya karabirateri iliyoziba kwa vumbi la kutu, tundu dogo kuliko jicho la sindano. Je, baba auze moto kwa kilo juu ya tundu?

Au tuchukue Honda CG 125. Ilitoka mwaka wa 1976, na waliyoitengeneza walikuwa wamefikiri nchi kama yetu, ambako moto inabeba watu watatu na gunia, na mafuta ya mota hayabadilishwi kwa wakati. Waliacha ile shene ya ndani inayozungusha vali kwa juu, wakarudi kwa vijiti vya chuma vinavyosukuma vali kutoka chini, sababu vijiti havidai kuangaliwa kila mara. Ile mota imezaa ukoo mkubwa. Moto nyingi za Kichina ambazo motari wanaendesha leo kwa barabara zetu zina mota iliyofuata mfano huo huo. Kwa hiyo mwenye CG ya zamani anaweza kukuta vyombo vingine kwa soko vinavyomfaa, lakini apime mbele ya kulipa, sababu kufanana si kuwa sawa.

Basi, moto inaweza kufufuka. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, sababu mwenzetu akisikia neno «kufufuka» anakimbia kununua rangi.

Tufikiri kwanza kutu ni kitu gani. Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma kinageuka kuwa kutu. Hiyo tumeisoma kwa shimi. Lakini kuna jambo ambalo wengi walinakili kwa daftari bila kuliwaza: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili. Ukipaka rangi juu ya kutu, kutu haijui kama imepakwa. Inaendelea kula, inavimba, inainua rangi kutoka chini kama uyoga unavyoinua udongo. Kwa mwezi wa nane moto inang'aa. Kwa Noeli ina vipele. Kwa Pasaka rangi inabanduka vipande kwa vipande, na chini yake chuma ni kibaya kuliko zamani, sababu maji yaliingia kwa ufa na hayakupata njia ya kutoka.

Hiyo ni hasara ya pesa tu. Kuna hasara ingine.

Mjomba wa mwenzetu mmoja alinunua moto kwa soko, ya mwaka gani hakuna aliyejua, lakini ilikuwa na rangi ya bluu safi kabisa, hata watoto walikuja kujitazama kwa tanki. Muuzaji alisema imefanywa upya yote. Alikwenda nayo miezi miwili. Siku moja kwa mtelemko, na gunia la makala nyuma, gido ikawa nyepesi mkononi: kadre ilikuwa imekatika pale chini ya shingo, pahali bomba mbili zinapokutana. Mjomba aliponea kwa majani, lakini mfupa wa bega ulivunjika, na mpaka leo hawezi kuinua ndoo kwa mkono wa kuume. Fundi aliyeitazama nyuma ya siku chache alikwaruza ile rangi ya bluu kwa kisu. Chini yake kulikuwa mastiki, na chini ya mastiki kulikuwa ufa wa zamani, na ndani ya ufa kutu nyeusi. Ule ufa haukuanza ile siku. Ulikuwa pale siku ya kununua, na mtu aliuona, sababu mastiki haijipaki yenyewe.

Ndiyo maana tunasema rangi ina hatari yake. Rangi inafunika. Kwa muuzaji mwenye haraka hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Na sisi, tukianza na rangi, tunajiuzia wenyewe moto ya namna ile, tena kwa baba yetu.

Basi tuanzie wapi? Tuanze kwa kuosha. Sabuni, petroli ya taa kidogo pale penye grisi, brosi, maji, na saa nyingi. Kuosha ni nusu ya kazi, na hakuna anayependa kupigwa picha akiosha. Moto ikiwa safi na kavu, fungua kiti na tanki uiweke kadre wazi, uitafute ufa. Kuna njia ya mafundi wa zamani ambayo haiombi mashini, na kitu chake kimoja tunacho hapa kwa kila darasa. Paka petroli ya taa pale unapoogopa: chini ya shingo ya gido, pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa, pale pa kukanyagia miguu, pale kibebeo cha nyuma kinaposhikwa. Ngoja robo saa. Pangusa yote kwa kitambaa kikavu mpaka chuma kikauke kabisa. Kisha sugua chaki ya ubao, nyeupe, mpaka pawe peupe pote. Ngoja tena. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani itapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Mstari ukionekana, ile kadre iende kwa fundi wa kuunga chuma anayejua kazi, naye achimbe ufa wote mbele ya kuunga. Na kama ni shingo iliyokatika vibaya, basi hapo, na hapo tu, tunakubali kwamba mununuzi wa kilo anaweza kuitwa.

Nyuma ya kadre, fre. Moto nyingi za zamani zina fre za ngoma, na ndani ya ngoma kuna garnitiri zinazosugua. Zikibaki chini ya milimita 2 hivi, zibadilishwe, hata kama «zinashika bado». Na jambo hili tunaomba lisomwe polepole: garnitiri za zamani nyingi zilitengenezwa na amianti, na vumbi la amianti likiingia kwa mapafu halitoki tena, ugonjwa wake unaweza kukuja miaka makumi nyuma yake. Tunaona vijana wanafungua ngoma na kupuliza vumbi kwa mdomo, puuu, mbele ya uso wao. Hapana. Lowesha kitambaa, pangusa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Usipulize kwa mdomo wala kwa pompu.

Kisha kabuli za fre na za ambreyaji: ukiona waya mmoja tu umekatika, kabuli yote inakwenda. Kisha rulema za magurudumu na za shingo, kisha rayo za gurudumu, ambazo unazigonga moja moja kwa kijiti na kusikiliza, ile iliyolegea ina sauti ya ulevi. Kisha mipira. Mpira unaweza kuwa na meno yote na kuwa umezeeka kabisa, mgumu kama soli ya kiatu, wenye nyufa ndogo pembeni. Kwa ubavu wa mpira, mwisho wa maandiko yanayoanza na DOT, mtakuta nambari nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Zikiwa nambari tatu tu, ule mpira ulitengenezwa mbele ya mwaka wa 2000, na mwenye kuupanda awaage watu wake.

Mota yenyewe tutaipita haraka, sababu kila mota ina mambo yake na karatasi ya buletini ni ndogo. Tuseme mawili tu. Moto iliyolala miaka usiipige kiki kwa hasira. Ondoa bujii, tia mafuta kidogo kwa tundu lake, ngoja hata siku mbili tatu, kisha izungushe polepole. Na kwa zile za mapigo mawili zenye pompu ya mafuta, ile ambayo Yamaha waliita Autolube, usiamini pompu iliyolala. Hewa ikiingia kwa bomba lake, mafuta hayafiki, na pistoni inashika silinda mbele hujafika kwa soko. Kwa tanki ya kwanza changanya mafuta ndani ya esansi pia, mpaka uone kwa macho kwamba pompu inavuta.

Tumefika kwa tanki, na hapa ndipo neno letu la moto wa jiko. Tanki inayovuja watu wanaipeleka kuungwa kwa moto. Wanasema: «Haina esansi, iko tupu.» Kumbe tanki tupu ni mbaya kuliko iliyojaa, sababu ndani yake imebaki mvuke wa esansi uliochanganyika na hewa, na huo ndio unaopasuka. Kuosha mara moja kwa sabuni hakutoshi, mvuke unakaa ndani ya kutu na kwa mikunjo ya bati. Tunawaomba wenzetu: kwa nyumba, tanki isiguswe na moto, wala chalimo, wala mashini ya kukata inayotoa cheche. Kwa kutu ya ndani kuna njia ya baridi. Tia konzi ya nati na bolo za zamani na maji ya sabuni, tikisa mpaka mikono ichoke, mwaga. Kisha jaza vinegre, acha siku moja au mbili, mwaga, osha na maji yenye bikarbonati, kausha kabisa kwa jua, na palepale zungusha mafuta kidogo ndani, sababu bati lililo uchi linashika kutu upya mbele ya jua kuzama. Hesabu nati zako mbele na nyuma ya kazi. Zilizoingia 20 zitoke 20.

Na sasa tuseme na wale wa sayansi, wanaotuuliza kila mara masomo ya shimi yatawafaa nini kwa mji. Kuna njia ya kuondoa kutu kwa umeme, na ni ile elektrolizi ya ubao. Ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia, kijiko kimoja cha supu kwa litri 4 hivi. Batri ya volti 12. Chombo chenye kutu kinafungwa kwa waya wa hasi. Kipande cha chuma cha kutupa kinafungwa kwa waya wa chanya. Viwili vinatumbukizwa bila kugusana. Vipovu vinapanda, na nyuma ya saa nyingi kutu nyekundu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brosi tu. Chuma kizima hakiliwi. Msasa haujui kuchagua hivyo, unakula vyote viwili.

Lakini mwenye kufanya ajue anachofanya. Vile vipovu kwa upande wa hasi ni hidrojeni, kwa hiyo kazi iwe nje, mbali na moto. Kile chuma cha kutupa kisiwe inoksi, sababu krome iliyo ndani yake inageuka sumu ndani ya maji. Aluminiamu isitiwe, soda inaila. Resori na ekse zisitiwe pia, sababu hidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike bila kuonya. Na kila mara unaondoa waya kwa batri kwanza, kisha unaingiza mkono. Tulipoonyesha jambo hili kwa mwalimu mmoja, alisimama kando ya ndoo muda mrefu kuliko sisi.

Haya, rangi. Moto inawaka, inasimama, haina ufa. Sasa pakeni, hatuwakatazi tena.

Wengi hawana pistole wala pompu, na wanafikiri bila pistole hakuna rangi nzuri. Si kweli. Rangi ya mafuta, ile ya milango na ya madirisha, ikipunguzwa kidogo na kupakwa na brosi laini, nyembamba, mara tatu au nne, inakaa vizuri kwa kadre. Siri iko mbele ya rangi: msasa wa 80 kwa kutu, kisha 180 au 240, kisha rangi ya chini ya kuzuia kutu, kisha 400 na maji, kisha ndipo rangi yenyewe. Asiyependa kusugua asipake. Kiangazi kwa upande wetu kinakutana na vakansi, na hiyo ni neema, sababu hewa yenye unyevu inaweza kuacha wingu jeupe juu ya rangi. Lakini kiangazi kina vumbi. Mwaga maji chini, paka asubuhi umande ukishakauka na upepo haujaanza, tundika vyombo kwa waya, na watoto waende kwa bibi yao siku ile.

Kuna sumu tatu ambazo tunataka zijulikane. Ile rangi nyekundu ya zamani iitwayo miniamu ina risasi ndani. Mkiikuta kwa kopo la babu, iacheni. Rangi ya kale ya moto yenyewe inaweza kuwa na risasi pia, kwa hiyo isuguliwe na maji, si kavu, na mtoto mdogo asicheze pale. Na varnishi ile ya makopo mawili, yenye kopo la kuifanya ngumu, ina isosianati, ambayo inaharibu pumzi ya mtu, na kitambaa kwa pua hakiizuii. Ni kweli kwamba ile ndiyo inayovumilia esansi kuliko zote. Rangi ya chupa ya kupuliza inalainika palepale esansi ikimwagika kwa mdomo wa tanki. Anayeitaka aipeleke tanki peke yake kwa mpaka rangi mwenye maske ya kweli. Kadre tutapaka sisi.

Nambari ya shasi, iliyochongwa kwa chuma cha shingo, msiisugue kwa mashini na msiijaze rangi nzito. Ifunike na utepe mwembamba mbele ya kupaka. Kwa bariyeri watataka kuisoma na kuilinganisha na karte roze, na moto ambayo nambari yake haisomeki ni moto ya mwizi mpaka ushuhudie vingine.

Juu ya zile herufi na mistari hatuna vita. Lakini kuandika «250» juu ya tanki ya AG 100, jamani.

Wengine wametuambia: hii ni kazi ya wavulana. Kwa nyumba moja tunayoijua, waya zote za umeme, kutoka fari mpaka taa ya nyuma, zilirudishwa na binti wa familia, sababu ndiye peke yake aliyekuwa na uvumilivu wa kuchora kila waya kwa daftari na rangi yake mbele ya kuukata. Kaka zake walikuwa wanabishana juu ya rangi ya tanki.

Wengine, na kati yao wakubwa wetu, wanasema mwanafunzi wa humanite hana kazi na kutu, avae shati safi afungue kitabu. Kwa heshima, tunakataa. Watu wa Goma wenye chukudu wanachonga gari lao la mti kwa mikono, linabeba mizigo ya kushangaza, na likivunjika wanalitengeneza wenyewe kando ya barabara. Hakuna anayewaambia waache. Juu ya nini mtu mwenye diploma ndiye asijue kukaza nati ya gurudumu linalombeba? Tena kuna mambo ya pesa ambayo hayafichiki. Moto ikitembea tena, baba hafanyi saa mbili kwa miguu, mama anapeleka vitu kwa soko mbele ya jua kali, na minervale ya mdogo inapata njia. Hatutaji bei za vyombo, sababu zinabadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Tunasema tu kwamba kwa orodha ya kununua, garnitiri na mipira na kabuli ziandikwe juu, na kopo la rangi chini kabisa; na pesa zikiisha katikati ya orodha, moto itembee na rangi yake ya zamani yenye makovu. Itafika.

Na atakayeuza moto aliyoitengeneza, aseme kwa mununuzi pahali palipoungwa. Amwonyeshe kwa kidole.

Mwisho tuna ombi kwa bwana Prefe na walimu. Nyuma ya karakana ya mbao kuna etau moja kubwa ambayo haifanyi kazi tangu mwaka jana, na kuna kivuli kizuri. Tunaomba Jumamosi mbili za mwezi wa sita, nyuma ya saa sita za mchana, kusudi wenye kwenda kutengeneza moto kwa nyumba wajifunze pamoja kufungua ngoma ya fre, kutafuta ufa na chaki, na kusafisha karabirateri. Mwalimu wa shimi amesema atakuja na ndoo. Fundi mmoja wa mtaa amekubali kukaa nasi, anaomba chai tu. Wanaotaka waandike jina kwa karatasi iliyo kwa mlango wa darasa la tano, wavulana kwa wasichana, na kila mmoja alete chombo kimoja chenye kutu, kitambaa cha zamani na kipande cha msasa. Esansi isiletwe.